Nguchiro wa Mashoto

Tarehe 4 Machi

Bibi mdogo,

Mimi nina miaka sabini na tisa. Nimemzika kinyozi, nimemzika fundi viatu aliyeapa kwamba nitatangulia mimi, na daktari aliyenikataza sigara nimemsindikiza makaburini nikiwa na pakiti mfukoni. Nimemaliza baiskeli tatu na ngazi tano. Jumba la sinema nililoliandikia mabango miaka kumi na mmoja leo ni ghala la magodoro. Bibi yako naye huu ni mwaka wa sita hayupo, ila huyo simweki kwenye majigambo. Nakuambia haya ujue unayemuuliza maswali ni nani.

Barua yako imefika. Mfamasia kaileta mwenyewe, maana sanduku la posta ni lake na miguu mizima ni yake. Akaniambia, "Mzee, ungekuwa na simu ungeshamjibu juzi." Nikamwambia simu ni ya mtu asiye na la kusema, ndiyo maana anasema kutwa. Barua unakaa nayo. Yako nimekaa nayo siku mbili, moja ya kuifurahia na moja ya kuisoma, kwa sababu mwandiko wako ni kuku anatafuta punje. Na unajua kusoma kwangu kunasimama kila kituo. Herufi nimeandika nyingi kuliko mwalimu yeyote wa mji huu, tena kubwa kama milango, lakini mimi nilikuwa nazichora tu. Maneno alinipangia bibi yako kwenye karatasi.

Sasa swali lako. Ule ukuta wa kinyozi, pembeni ya bomba la maji ya mvua, yule nguchiro mwenye kofia ya njano, nani alimchora.

Mimi. Nani mwingine? Tulikuwa wachoraji watatu mji mzima. Mmoja alichora ng'ombe watu wakadhani ni meza. Wa pili alikuwa hodari kweli, ila anaogopa ngazi.

Kinyozi alinunua mashine ya gemu, kubwa kama kabati la nguo, akaiegemeza ukutani ndani ya kibanda chake. Kwenye kioo chake nguchiro anakimbia mashimoni, tochi mkononi, nyoka wanamfuata. Watoto wakajaa mpaka wateja wa kunyolewa wakakosa pa kuweka miguu. Kinyozi akaniambia, "Brashi, nitolee huyu mnyama nje, watu wajue yuko humu." Nikamtoa kwa siku mbili. Malipo yetu yalikuwa aninyoe bure maisha yangu yote. Miaka miwili baadaye nywele zikaniaga. Yule bwana alicheka mwezi mzima.

Ila kuna jambo halijaniingia. Unasema mmeletewa kazi ya kuchapa fulana mia mbili, ukafungua kompyuta ukamkuta yeye, na ukuta wake, na bomba lake. Amefikaje huko? Ile mashine iliuzwa chuma chakavu hujazaliwa. Na unasema watu elfu sabini wanampenda. Elfu sabini ni uwanja wa mpira umejaa na wengine wako juu ya miti. Wanampendea nini?

Babu yako,
Fundi Brashi, mkono usiotetemeka


Tarehe 19 Machi

Babu yangu,

Shikamoo. Ona, leo nimeandika herufi kubwa kama milango yako. Msimamizi wetu hapa kiwandani kapita akaniuliza kama naandika tangazo la kiwanja kuuzwa.

Wanampendea nini? Nimewauliza wenyewe. Kampuni iliyotengeneza ule mchezo ilifunga zamani, waliomchora mara ya kwanza wengine wameshafariki, na mashine zenyewe ziko kwenye majumba ya makumbusho. Lakini watu wamemhamishia mtandaoni na hawataki kumwachia. Kila siku wanamchora upya. Kila mwaka wanamfanyia siku ya kuzaliwa. Na wanachompendea, Babu, ni kule kuanguka kwake. Unakumbuka akiumwa na nyoka? Anaanguka chali, anakaa, anakung'uta vumbi mkiani, anapandisha mabega, anakimbia tena. Basi mtu akifeli mtihani anaweka nguchiro anayejikung'uta. Akiachwa na mchumba, nguchiro. Juzi tumekatikiwa umeme katikati ya kazi, fulana arobaini zikaharibika, dada wa mashine ya kukaushia akanitumia nguchiro. Nikacheka mpaka hasira ikaisha.

Sasa, kuna msafiri alipita hapo kwetu miaka ya nyuma akapiga picha ule ukuta. Picha imezunguka dunia. Nguchiro wa kweli anashika tochi mkono wa kulia. Wako anashika kushoto. Wanamwita Nguchiro wa Mashoto, na wengine wanampenda kuliko yule wa asili. Mimi nilipomwona kwenye kompyuta wino ulinimwagikia kiatuni. Nimekua nikipita pale kila siku na sikujua kama ni mtu maarufu.

Tatizo ni hili. Tarehe 20 Julai yatafanyika maonyesho makubwa ya kuzaliwa kwake, na fulana zinazofuata zitakuwa na jina la mchoraji wa ukuta kwa chini. Kuna bwana mmoja, anajiita Mkono wa Dhahabu, anasema alikuwa fundi wa kuzunguka na ndiye aliyechora. Niliandika kuwa mchoraji ni babu yangu. Wakacheka. Mmoja akaniambia hata yeye ana babu.

Kazi hiyo tunaichapa sisi, Babu. Yaani jina lolote litakalokubaliwa, mimi ndiye nitakayelivuta kwenye fremu ya kuchapia kwa mkono wangu, fulana elfu moja na mia tano.

Kwa hiyo nakuuliza kwa heshima zote. Mama anasema uliwahi kudai daraja la reli lisingesimama bila wewe. Mimi mwenyewe ulinifundisha kuwa mwezi ulipakwa rangi mara moja tu, na mwenye ngazi ulikuwa wewe. Safari hii naomba mboga isiyo na chumvi. Ni wewe kweli? Na kama ni wewe, kwa nini mashoto?

Mjukuu wako mpenda shari


Tarehe 2 Aprili

Bibi mdogo,

Mama yako alikuwa na miaka minne wakati wa lile daraja, anajua nini. Nililipaka rangi ya kuzuia kutu. Daraja lenye kutu linasimama? Basi.

Umeniuliza kama ni mimi kweli. Barua nimeikunja nikaiweka chini ya kopo la tapentaini, nikatoka, nikazunguka mtaa, nikarudi. Ningekuwa kijana ningekuja huko kwa miguu nikachora mbele ya hao elfu sabini nikiwa nimefumba jicho moja.

Mashoto ni makusudi. Fundi wa kawaida anachora anachokiona. Fundi mkubwa anafikiri. Mimi nilifikiri hivi: nyoka amezoea adui wa mkono wa kulia, akija wa kushoto anapotea maboya. Muulize bondia yeyote. Nilimpa yule mnyama silaha ambayo wenye kiwanda hawakumpa. Waambie hivyo, tena uwaambie taratibu, maana akili ikiwa kubwa inachelewa kuingia.

Huyo Dhahabu mpe mtihani mmoja. Avute mkia wa nguchiro kwa mpigo mmoja, bila kuinua brashi, akiwa juu ya ngazi yenye mguu mmoja mfupi. Mimi niliuvuta hivyo. Na sahihi yangu ipo, brashi ndogo chini ya mguu wa nyuma. Waende wakatazame.

Nimesikia kuhusu kujikung'uta vumbi. Nakumbuka. Kinyozi alikuwa akikata sikio la mtu anafanya vile vile, anapandisha mabega anaendelea.

Babu yako, na ndiye,
Fundi Brashi


Tarehe 20 Aprili

Babu yangu,

Shikamoo, na usiiweke hii chini ya tapentaini.

Niliwaambia habari ya nyoka na bondia. Wakaipenda sana. Kesho yake Mkono wa Dhahabu akaandika kwamba hiyo hiyo ndiyo ilikuwa sababu yake, ila alikuwa akiitunza moyoni. Sasa wanamsifu yeye.

Nikamwomba Mfamasia apige picha ya sahihi. Kapiga. Pale chini ya mguu wa nyuma wamejenga mfereji mpya, simenti mpaka magotini. Hakuna brashi, hakuna mguu.

Waandaaji wamesema hivi. Mchoraji wa kweli atajulikana kwa kueleza mambo matatu. La kwanza, mkono wa kushoto. La pili, ile saba. Kwenye kofia ya nguchiro kuna namba saba, na kwenye ukuta wetu inatazama nyuma. La tatu, ule mstari mwembamba uliopinda, unaotoka sikioni unashuka mpaka kwenye mkia. Nguchiro wa asili hana. Mashabiki wanauita kovu, na kuna watu wamejichora kovu hilo mgongoni, Babu, kwa sindano. Mkono wa Dhahabu anasema ni jeraha la nyoka mkubwa, alilichora baada ya kufiwa na kaka yake. Watu wamelia.

Mimi nimekwama kwenye saba. Wewe umeandika namba za nyumba mtaa mzima. Uliandika namba za mabasi, za milango ya hospitali, za wachezaji. Saba yako inatazamaje nyuma?

Tunafunga kazi tarehe 10 Julai. Lakini sikuulizi kwa ajili yao. Kama si wewe uliyechora, utabaki kuwa babu yangu na nitakupenda vile vile. Niambie tu.

Mjukuu wako


Tarehe 15 Mei

Binti yangu,

Naandika mimi, Mfamasia, jirani wa babu yako, maana naona unangoja jibu na jibu haliji.

Barua yako ya mwisho nilimsomea mimi, macho yalikuwa yanamsumbua. Nilipofika pale "utabaki kuwa babu yangu na nitakupenda vile vile" akaniambia inatosha. Siku tatu hakutoka. Nilimpelekea dawa ya presha akaniambia nimpe mgonjwa.

Jumatatu asubuhi nafungua duka, namwona yuko juu ya ngazi kwenye ukuta wa kinyozi, kopo la rangi nyeusi limening'inia kiunoni. Miaka sabini na tisa. Nikamuuliza, "Mzee, unafanya nini huko?" Akasema, "Naigeuza saba." Nilishika ngazi nikapiga kelele mpaka mwenye duka la betri akatoka na kijiko mdomoni. Alishuka kwa sababu goti lilimkatalia, usidhani alitusikiliza. Saba haijaguswa. Ngazi ninayo mimi dukani, nimeifunga mnyororo.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wakati ule, na usinione na koti jeupe, kwenye ile mashine hakuna aliyenishinda. Nilikuwa pale kila jioni, kwa hiyo kuna kitu nakijua. Lakini siri ya mtu mzima haisemwi na jirani. Wewe muulize swali moja tu: wiki ile kabla ya kuchora, alinyolewa mara ngapi?

Mfamasia


Tarehe 1 Juni

Babu yangu,

Shikamoo. Ngazi umeifuata nini? Ungeanguka ningemwambia nini Mama, kwamba nimekuua kwa ajili ya fulana?

Nisamehe kwa ile barua. Nilidhani nakupa mlango wa kutokea, kumbe nimekupiga nao.

Saba usiiguse. Si kwa ajili ya mashabiki. Nikiwa mdogo Bibi alikuwa akinishika huu mkono wangu wa kushoto, mwalimu wa chekechea akiwa ameshaukatalia penseli, ananisimamisha pale ukutani ananiambia, "Unamwona huyo? Babu yako alinichora mimi." Nilidhani ananitania, mtu na nguchiro wapi na wapi. Tangu nimwone kwenye kompyuta silali vizuri kwa ajili ya maneno hayo. Ninataka nisikie kwako kama ni kweli alichorwa. Hilo tu.

Halafu Mfamasia anauliza: wiki ile ulinyolewa mara ngapi?

Mjukuu wako, mashoto kama bibi yake


Tarehe 14 Juni

Bibi mdogo,

Mara sita.

Isome barua hii mara moja tu, polepole, halafu usinikumbushe. Mimi sikuzaliwa kukiri, mazoezi sina.

Kiti cha kinyozi kilitazama kioo kikubwa cha ukutani. Mashine ya gemu ilikuwa nyuma ya kiti. Nilipopewa kazi nilikwenda nimtazame mnyama vizuri. Nikakuta watoto wamebanana kama viberiti, na mbele yao msichana mmoja mwenye viatu vya shule anapiga vitufe kama anashona. Leo anauza dawa. Nikasema nipisheni. Wakasema, "Mzee panga foleni." Mzee, na nilikuwa na arobaini na tatu. Mimi, fundi wa mabango ya sinema, nipange foleni na watoto kumtazama panya?

Nikakaa kwenye kiti. Nikamwambia kinyozi ninyoe. Kutoka pale, kwenye kioo, nilimwona nguchiro juu ya vichwa vyao, safi kabisa. Chini ya ile shuka ya kunyolea nilikuwa na kadibodi na penseli. Nikachora. Anakimbia mbio yule, siku moja haitoshi, nikarudi kesho, na kesho kutwa. Siku ya nne ndevu zilikuwa zimekwisha, kinyozi ananyoa hewa. Siku ya sita ngozi inawaka moto, lakini mnyama nimempata, kofia, tochi, mabega na yote.

Unaona sasa. Kwenye kioo kulia ni kushoto. Sikuona. Naapa sikuona. Nilikuwa namtazama yeye anavyokimbia, sikutazama mkono. Na saba nilichora kama nilivyoiona, kwa sababu mimi nachora, nilishakuambia, kusoma ni kituo kwa kituo. Kile kioo kilikuwa na ufa, umepinda, unatoka juu unashuka hadi pembeni. Mara sita nimeutazama ule ufa ukipita mgongoni mwake, ikafika mahali macho yangu yakaona ni wake. Nikauchora. Kwa ufundi mkubwa nikauchora. Hao wenye sindano mgongoni wamejichora ufa wa kioo cha kinyozi.

Nilimaliza Jumamosi. Kinyozi akatoka na taulo begani. Akamtazama, akaingia ndani akatazama mashine, akatoka tena. Akasema, "Brashi, huyu anaelekea wapi?" Nikamwambia anaelekea anakotaka. Akasema, "Na saba yake inamtafuta nani?" Ndipo nikaona. Nikasema nipe saa moja namrekebisha, nikachukua rangi nyeupe nimfute.

Bibi yako akatokea na chupa ya chai.

Wewe ulimjua mzee, ana ulimi. Wakati ule alikuwa mtu wa kuficha mkono. Shuleni walimfunga ule wa kushoto kwa kitambaa mpaka akaandika kwa wa kulia, na mwandiko wake wa kulia ulikuwa mzuri, ndio huo ulionilisha. Lakini kisu, sindano, ufagio, ni kushoto. Wageni wakigonga mlango, kisu kinahama mkono. Miaka kumi na saba ya ndoa nimekiona kikihama, na sikuwahi kusema neno. Nimechora waigizaji wa kike wa sinema zote, kope moja moja, na yeye sikumchora hata kwenye gunia.

Akaweka chupa chini. Akamtazama nguchiro, mguu hadi kofia. Akakaa kwenye tofali akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema, "Umenichora mimi."

Nilikuwa na brashi ya rangi nyeupe mkononi. Nikasema, "Nani mwingine?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kinyozi akasikia, akapandisha mabega, akaingia ndani. Jioni ile tulikuwa na wageni na kisu hakikuhama. Hakikuhama tena mpaka alipofariki.

Sasa ningemfutaje? Mwalimu mkuu alininyima kazi ya namba za madarasa, akasema hawezi kumpa mtu ambaye saba zake zinarudi nyumbani. Nilimjibu vibaya. Watu wakasema Brashi mkaidi, na wana haki, nimekuwa mkaidi kwa mambo mengi ya kijinga, ila hilo moja lilikuwa na sababu. Na juzi nilipanda ngazi kwa sababu umeniuliza kuhusu saba, nikafikiri nikiigeuza hutauliza tena.

Kwa hiyo jibu lako ni hili. Bibi yako hakuchorwa. Nilikosea nikamdanganya, na nimemdanganya mpaka kaburini. Kuwa mchoraji wa nguchiro nakubali. Lakini ukiwaambia hao elfu sabini habari ya kioo, basi umewaambia na yeye. Fanya unavyoona. Mimi nimechoka kujibu maswali.

Babu yako


Tarehe 26 Juni

Babu yangu,

Shikamoo mara sita, moja kwa kila kunyolewa.

Nimeisoma mara moja, kama ulivyosema. Mara ya pili niliisoma kwa sauti chooni ili nisilie mbele ya mashine.

Sasa mimi nina langu la kukuambia, na hili Bibi alinikabidhi. Mwaka ule wa mwisho, nilipokuja kumuuguza, nilimuuliza tena ile habari ya kuchorwa. Akanituma nihakikishe umetoka. Ulikuwa nje unamfundisha fundi bomba kazi yake. Akasema, na nakuandikia kama alivyosema:

"Mimi ndiye niliyempangia babu yako kila neno na kila namba aliyoandika mji huu. Ningeikosaje saba? Nimefika pale na chai, naona saba imegeuka, naona mkono umegeuka, naona mtu kashika rangi nyeupe na uso umemwiva. Nikajua ni kile kioo. Mtu gani ananyolewa kila siku? Nikajua anataka kufuta. Na mimi nilikuwa nimeshampenda yule mnyama. Basi nikamwahi. Nikasema, umenichora mimi. Nikamwacha ajibu. Amejigamba maisha yake yote kwa mambo ya bure, nilitaka nione atajigamba vipi kwa ajili yangu."

Nikamuuliza, na hukumwambia kuwa unajua? Akasema, "Nimwambie ili iweje? Yule hajawahi kukosea. Kosa lake moja amenipa mimi. Akikiri mwenyewe siku moja, mwambie nilijua. Asipokiri, mwache na raha zake."

Kwa hiyo hukumdanganya, Babu. Yeye ndiye aliyekuwekea neno mdomoni, kama kawaida yenu. Na nisamehe nilivyokuuliza kama asiyejua kitu, nilikuwa nangoja ukiri mwenyewe.

Habari nyingine sasa. Mfamasia alikwenda kwa mtoto wa kinyozi, akakuta kile kioo bado kipo, kinatumika. Akakipiga picha. Nikauchukua ule ufa, nikaufanya mwangavu kwenye kompyuta, nikaulaza juu ya picha ya ukuta. Babu, umekaa juu ya kovu kama kifuniko na chungu chake. Kila kona. Habari ya Bibi sikuitia. Niliwaambia tu kioo, kiti na kunyolewa mara sita.

Wa kwanza kujibu ni yule aliyesema hata yeye ana babu, akaandika, "Nakubali, babu yako amezidi." Mkono wa Dhahabu kafuta maneno yake yote kafunga na mlango. Waliojichora kovu mgongoni nilidhani watakasirika. Wanasema sasa ndiyo wanalipenda zaidi, maana kovu kila mtu analo, ufa wa kioo cha kinyozi wanao wao tu. Na mtu mmoja kakuchora wewe, umefunikwa shuka mpaka shingoni, penseli imejitokeza kidogo, unajikung'uta ndevu. Umependwa na watu elfu ishirini kwa siku mbili.

Waandaaji wanauliza niandike jina gani chini ya fulana. Nijibu upesi, tunafunga tarehe 10.

Mjukuu wako


Tarehe 5 Julai

Bibi mdogo,

Barua yako nimesomewa na Mfamasia, ilipofika pale kwa bibi yako nikamwomba anipe nisome mwenyewe. Imenichukua mchana kutwa. Vituo vyote nimesimama.

Alijua. Miaka zaidi ya thelathini ananiona naivimbia ile siri kama mtu aliyebeba yai, na yeye ananikatia mkate kwa kushoto, kimya. Nimekuwa nikisema mji huu hakuna aliyewahi kunizidi akili. Nalifuta neno hilo. Ni la kwanza kulifuta, usizoee.

Elfu ishirini ni wachache kuliko nguchiro, lakini yeye alianza mapema.

Kwenye fulana andika hivi, na uandike wewe kwa ule mkono wako, usiniletee herufi za kompyuta: FUNDI BRASHI ALICHORA, MKE WAKE ALIZUIA KUFUTWA. Hilo ndilo lote nitakalowaambia juu yake, wajaze wenyewe. Wakisema ni refu waambie migongo ya watu ni mipana. Yangu mimi nitumie moja, na moja ya Mfamasia, ila ngazi yangu airudishe.

Na akitokea mwingine wa dhahabu au wa fedha anabisha, usigombane naye, unavyojua kugombana. Mpeleke kwa Mfamasia, aliyekuwa akinitazama kutoka nyuma yangu akidhani simwoni. Mpeleke kwa mtoto wa kinyozi, akae kwenye kiti, atazame kioo, ufa haujapona. Na kama bado hasadiki, mwambie shahidi wangu mkubwa nilimwona kwa macho yangu akiweka chupa ya chai chini, anaijua saba, anaujua mkono, anaijua brashi ya rangi nyeupe, na hakusema.

Babu yako,
Fundi Brashi, mkono uliotetemeka mara moja